Kata ya bibi na birika la Speyer

Nilipovunja ungo, bibi yangu mzaa mama hakunipa nasaha ndefu. Alisubiri siku zangu zikatimia, akaniamsha kabla ya adhana ya alfajiri, akaniingiza uwani nyuma ya ukuta wa makuti ambako ndoo mbili za maji ya kisima zilikuwa zinanisubiri. Hiyo ni Kizimkazi, kusini ya Unguja. Akanivua hereni. Akaukata uzi mweusi niliofungwa mkononi tangu uchanga wangu. Akanishika vidole akavitazama kimoja kimoja kwa mwanga wa kandili, akakuta rangi ya kucha niliyoichukua kwa dada yangu bila ya kuomba. "Maji hayapiti penye kitu," akasema, na akaikwangua yote kwa ncha ya kisu cha kumenyea muhogo, kucha kumi, pasipo haraka. Ndipo aliposhika kata ya kuchotea maji.

Mwezi uliopita nimeyasikia maneno yale yale kwa Kijerumani, nikiwa karibu mita 10 chini ya ardhi, mbele ya birika ambalo wanawake wa Kiyahudi walikuwa wakizama ndani yake miaka 900 iliyopita. Sijapata usingizi mzuri tangu siku ile, na nimeona bora niandike.

Naishi Ludwigshafen, Ujerumani, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Speyer ni safari fupi ya treni kutoka kwangu, na kila mgeni anayenitembelea kutoka nyumbani nampeleka huko kuona Kanisa Kuu. Njia ni moja siku zote: unapita chini ya Altpörtel, lango la mnara la zamani, unaifuata Maximilianstraße moja kwa moja mpaka ukutane na kanisa lenyewe. Kaizari Konrad wa Pili alianza kulijenga karibu mwaka 1030, likawekwa wakfu mwaka 1061, na chini ya sakafu yake wamezikwa wafalme na makaizari. Wageni wangu hupiga picha, tunakula aiskrimu, tunarudi. Sikujua kwamba mwendo wa dakika chache kutoka pale, kwenye kichochoro kinachoitwa Kleine Pfaffengasse, kuna kitu ambacho mimi hasa nilipaswa kukiona kwanza.

Aliyenipeleka ni mwenzangu wa kazini, mama wa Kijerumani aliye rika la mama yangu. Nilikuwa nikimsimulia jinsi tulivyo na josho letu, hedhi ikikatika, na jinsi ninavyohangaika nalo asubuhi za baridi kabla ya zamu. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Jumamosi twende Speyer, nina kitu cha kukuonyesha."

Panaitwa Judenhof, Ua wa Wayahudi. Juu ya ardhi hapana mengi. Umebaki ukuta wa mashariki wa sinagogi na vipande vya nyingine, na pembeni yake kuta za chumba cha kusalia wanawake kilichoongezwa karibu mwaka 1250. Baina ya vyumba viwili walitoboa vijidirisha vyembamba ili wanawake waisikie sala ya upande wa pili. Niliweka sikio pale. Kisha tukashuka.

Ngazi inateremka chini ya dari la tao, na ni pana kuliko nilivyotegemea. Haikuteremshi kwa mkupuo mmoja. Unashuka, unapata mahali pa kutua, unashuka tena, mpaka unafika kwenye chumba cha mbele chenye nafasi ya kukaa na dirisha la matao mawili linalotazama shimoni. Kutoka hapo vidato vinapinda kama nusu duara kulizunguka shimo lenyewe, halafu vinaingia majini. Maji ni safi mno, yamesimama, yana ukijani kidogo, na ukiinama unaliona jiwe chini yake. Hakuna bomba wala mfereji. Ni maji ya ardhini, yamejikusanya yenyewe pale chini kama yanavyojikusanya kisimani.

Nilishika ukuta. Jiwe la mchanga lina unyevunyevu na linakwaruza kidogo, kama ulimi wa ng'ombe. Mawe yamechongwa pembe zake zikakaa sawasawa, na kiungo baina ya jiwe na jiwe ni chembamba. Wataalamu wanaona humo mkono wa mafundi wale wale wa Kanisa Kuu, kwa sababu uchongaji unafanana. Hilo lilinigusa. Mtu aliyeajiriwa kulijengea nyumba kaburi la kaizari alichukua patasi ile ile akashuka nayo kumchongea mke wa mfanyabiashara mahali pa kutia mguu.

Palikuwa na baba mmoja na watoto wake wawili. Akawaambia kwa sauti kwamba hapa ndipo Wayahudi walipokuja kuoga, maana zamani zile watu walikuwa wachafu na majumbani hakukuwa na bafu. Niliumia kama vile amemsema bibi yangu. Mwongozaji, kijana mpole, alimsahihisha, na katika kumsahihisha ndipo akayasema yale maneno: pasiwe na kitu chochote baina ya mwili na maji.

Nami nataka kulieleza hili vizuri, kwa sababu sisi wanawake wa pwani hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Mwanamke aliyeshuka ngazi zile alikuwa *ameshaoga*. Alikuwa amejisugua kwa maji moto, amechana nywele zikaachana, amekata kucha, amevua pete na kila pambo. Sheria yao inamtaka ahesabu siku saba safi baada ya hedhi kukoma, kisha usiku ukiingia aende akazame. Azame mwili mzima kwa pamoja, utosi na yote, na mwanamke mwingine asimame juu yake atazame kwamba hata unywele mmoja haukubaki ukielea. Uchafu wa mwili unaondolewa nyumbani. Birika linaondoa jambo jingine, lile ambalo sisi tunaliita hadathi na ambalo sabuni haina kazi nalo. Mwanamke yule wa kusimama juu, mimi nilimjua mara moja. Ni somo, kungwi wa mwari. Ni bibi na kandili yake.

Kizuizi hicho kinachozuia maji wanakiita hatzitza. Na birika lenyewe ni mikve, maana yake mkusanyiko wa maji, neno lile lile ambalo Taurati inalitumia kwa maji yaliyokusanyika ikawa bahari. Maji yanayotoka ardhini yakiwa hai wanayaita *mayim hayim*. Sikiliza hiyo *hayim*: ni ndugu wa "hai" yetu tuliyoipata kwa Kiarabu. Na hali ambayo mwanamke anaifikia akitoka majini inaitwa *tahara*. Mwongozaji alilitamka neno hilo kama jambo geni, akalirudia polepole ili wageni walishike. Mimi nimelitamka twahara tangu chuoni, nikiwa na umri wa miaka sita, nimekaa juu ya mkeka na ubao mapajani.

Palipo na tofauti, tofauti ni kubwa. Sisi kwetu maji ya ndoo na kata yanatosha, ilimradi yafike mwili mzima. Kwao maji yaliyochotwa kwa chombo hayafai kuwa ndiyo mikve. Lazima yawe yamejikusanya: mvua, chemchemi, mto, maji ya ardhini. Na yawe na kiasi, sea 40, kipimo cha zamani ambacho hesabu za siku hizi zinakiweka baina ya lita 300 na kitu na 700 na kitu, kutegemea rabi gani, yaani mwanachuoni wao, amehesabu. Waliosoma fikhi ya Shafii wataikumbuka kulateni, mitungi miwili mikubwa, lita 200 na kitu, ambayo maji yakiifikia hayanajisiki kwa kuguswa tu na najisi. Vipimo viwili mbalimbali, kwa hukumu mbili mbalimbali, lakini wote wawili walikaa wakafikiri maji mangapi ni maji ya kutegemewa.

Ndiyo sababu ya kuchimba. Speyer ilikuwa na visima. Ingekuwa rahisi kuchota na kumimina kwenye hodhi ndani ya chumba chenye moto. Sheria haikuruhusu, basi kama maji yako chini mita 10, mwanamke atateremshwa mita 10. Friedberg, mji ulio kaskazini zaidi, maji yalikuwa mbali mno, na mwaka 1260 walichimba mikve ya mita 25, ngazi 72. Ile ya Worms ilijengwa mwaka 1185 au 1186. Ya Köln ilifukuliwa miaka ya 1950, na maji yake hupanda na kushuka pamoja na mto Rhine. Ya Erfurt ilikuja kuonekana mwaka 2007 tu, karibu na daraja la Krämerbrücke, baada ya kufichika kwa karne nyingi. Kila mji ulifuata maji yake yalipo.

Na maji hayo ni ya baridi. Maji ya ardhini nchi hii yanakaa karibu nyuzi 10 mwaka mzima. Fikiria usiku wa Januari, theluji imelala juu ya ua, mama wa watoto wanne anavua nguo kwenye chumba kile cha jiwe. Marabi waliulizwa kama inajuzu kumimina maji moto ndani ya birika ili kupunguza makali, na wapo waliokataa katakata. Mimi ninayelalamika kwa sababu bafu langu halina joto la kutosha asubuhi, nilitazama vidato vile kwa muda mrefu.

Walikujaje Speyer? Mwaka 1084 kulikuwa na moto katika mji wa Mainz, Wayahudi wakasingiziwa, wengine wakaondoka. Askofu wa Speyer, Rüdiger Huzmann, akawapokea, akaandika hati. Humo anasema kwamba anataka kukigeuza kijiji kuwa mji, na kwamba aliona heshima ya mahali pake itazidi mara elfu akiwaleta Wayahudi. Akawapa ardhi ya kuzikia, ruhusa ya kubadilisha fedha na kufanya biashara, na akawazungushia ukuta ili wasisumbuliwe na watu wajeuri. Wao wakalipa, bila shaka, kodi ya fedha kila mwaka. Kaizari Heinrich wa Nne akayathibitisha mwaka 1090.

Miaka sita baadaye watu wa vita vya msalaba wakapita. Ilikuwa Jumamosi, Sabato, tarehe 3 Mei 1096. Speyer waliuawa Wayahudi 11, na mmoja wao ni mwanamke aliyejiua mwenyewe kuliko kubatizwa kwa nguvu. Askofu wa wakati huo, Johannes, aliwaingiza waliobaki ndani ya jumba lake na akawakata mikono baadhi ya wauaji. Worms wiki chache baadaye waliuawa karibu 800, Mainz zaidi ya 1,000. Unapoisoma habari hiyo unategemea kwamba waliopona Speyer walifunga virago. Hawakufunga. Sinagogi la Judenhof liliwekwa wakfu mwaka 1104, na muda si mrefu baada yake, kwenye miaka ya 1120, mikve inatajwa. Watu waliotoka kuzika ndugu zao walianza kuchimba shimo refu ili binti zao waweze kuolewa na kuzaa kwa halali, mahali pale pale.

Nilipousikia mwaka 1104, mwili ulinisisimka. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao babu yangu alikuwa akinipeleka kuuona na kunisimulia, una mwandiko wa Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, kwenye kibla unaotaja mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Miaka mitatu! Jengo letu lilitengenezwa upya karne ya 18, lakini mwandiko ni ule ule. Nikiwa chini kule nilijaribu kuwaweka mafundi hao wawili katika fikra moja, mmoja anachonga jiwe la matumbawe mbele ya bahari ya joto, mmoja anachonga jiwe la sinagogi kwenye nchi ya baridi, kila mmoja akiuelekeza ukuta wake kwenye mji mtakatifu wa wale anaowajengea.

Kwa karne mbili hivi Speyer, Worms na Mainz zilikuwa kichwa cha elimu ya Kiyahudi kaskazini ya milima ya Alps. Herufi za mwanzo za majina yao ya Kiebrania ziliunganishwa zikawa ShUM, na karibu mwaka 1220 marabi wa miji hiyo walikubaliana kanuni za pamoja. UNESCO imeiweka miji hiyo mitatu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2021.

Kisha tauni. Mwaka 1348 na 1349 watu walikuwa wakifa kila mahali, na katika miji mingi ya Ulaya ulienea uvumi kwamba Wayahudi wametia sumu visimani. Hapa nilishindwa kuendelea kusoma kibao, nikatoka nje. Hawa ni watu waliochimba mita 10, mita 25, ili maji yasiguswe hata na ndoo. Hawa ni watu walioandika mlango mzima wa sheria, kitabu kizima ndani ya Mishna, mkusanyo wao wa kale wa sheria, juu ya usafi wa maji. Wakashitakiwa kwa maji. Januari 1349 jumuiya ya Speyer iliangamizwa, na wengine walijichoma wenyewe ndani ya nyumba zao wasishikwe. Wachache walirejea baadaye, lakini haikuwa tena ile jumuiya, na katika karne ya 16 ikaisha. Mwaka 1689 majeshi ya Ufaransa yaliuchoma mji mzima. Juu ya ardhi vikaanguka vingi. Birika lilikuwa chini, moto haukulifikia.

Karne ya 20 sitaieleza kwa urefu, kwa sababu wasomaji wangu mnaijua. Sinagogi jipya la Speyer, la mwaka 1837, lilichomwa Novemba 1938. Tarehe 22 Oktoba 1940 Wayahudi wa eneo hili walipakiwa kwenye treni wakapelekwa kambi ya Gurs, Ufaransa. Baadhi ya wazee ninaowahudumia walikuwa watoto wadogo mwaka ule.

Yupo mwanamke mmoja nataka kumtaja. Alikuwa wa Worms, jina lake Dulcia, mke wa rabi Eleazar. Mwaka 1196, miaka kumi baada ya mikve ya Worms kujengwa, watu wenye silaha waliivamia nyumba yao wakamuua yeye na binti zao wawili, Bellette na Hannah. Mumewe aliandika shairi la kumlilia, na ndani yake hakuandika tu kwamba alikuwa mwema. Aliorodhesha kazi zake. Alikuwa akisokota uzi wa kushonea magombo ya Taurati, akashona magombo 40. Alitengeneza tambi za taa. Alifundisha wanawake sala na nyimbo. Alipamba maharusi. Aliosha maiti na kuwashonea sanda.

Kuosha maiti kwao pia ni tahara, neno lile lile. Wanawake huwaosha wanawake, wanaume huwaosha wanaume, maji humiminwa, sanda ni nyeupe.

Bibi yangu alikuwa mkosha maiti. Nusu ya wanawake waliokufa kijijini wakati wa utoto wangu walipita mikononi mwake, na kata aliyonikoshea mimi ilikuwa mbali na kata ya kazi hiyo. Hiyo nyingine ilining'inia peke yake na hatukuruhusiwa kuigusa. Alifariki Januari, miaka mitatu iliyopita. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa kwenye ofisi moja zikisubiri muhuri, pasi yangu ikiwa pamoja nazo, na muhuri ulichukua wiki saba. Siku bibi yangu anakoshwa na watu wengine, mimi nilikuwa zamu ya asubuhi, namwogesha bibi wa watu. Nilimwogesha vizuri. Nilimtengea vidole kimoja kimoja. Akaniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni mvuke wa maji.

Nilichokipata kwenye shimo la Speyer sijui jina lake lingine zaidi ya mahali. Kaburi la bibi liko mbali. Lakini mwili wangu unajua kazi ya pale chini, hatua kwa hatua, kuanzia kuvua hereni, na ulijua kabla mwongozaji hajafungua mdomo. Nimeingia makanisa na makumbusho mengi nchi hii, na kote nilikuwa mgeni anayesoma vibao. Pale nilijikuta nimeshatoa pete kidoleni na kuitia mfukoni, na sikumbuki nimeivua saa ngapi.

Jioni nilimpigia simu mama mdogo, ndiye aliyebaki nyumbani kwa bibi. Nikamweleza yote, ngazi, mawe, wanawake, siku saba. Hakushangaa hata kidogo. Aliuliza swali moja tu kwanza, swali la mtu wa Kizimkazi:

"Maji yake baridi au ya chumvi?"

Nikamwambia baridi, mama, kwa maana zote mbili.

Akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake. Kisha akauliza: "Na kama walikuwa wakienda usiku, mwanangu, taa waliiweka wapi? Mtu hawezi kushika taa na kumtazama mwenzake nywele."

Sikuwa nimetazama. Jumamosi hii sina zamu, nitapanda treni ya saa tatu nirudi kutafuta palipokaa taa.